Alizeti Niliyoivika Mfuko

Fedha za kituo cha utafiti zilipokatwa, mkubwa wangu alinipa konzi ya mbegu za alizeti na kunitakia heri. Heri hailiwi. Nikarudi chumbani kwangu Shauri Moyo, nikazipanda nyuma ya nyumba, kati ya kamba ya nguo na mtaro. Kuku wa watu wakafukua zote, ikabaki moja.

Mafuta ya alizeti ya kawaida huchacha upesi. Ukiyakaangia mandazi mara mbili tatu, yananuka. Sisi kituoni tulikuwa tumeteua mbegu zenye jeni inayogeuza asidi za mafuta, mafuta yake yakawa yanavumilia moto na kukaa bila kuchacha. Lakini mbegu hurithi mafuta kwa baba na kwa mama. Nyuki akileta chavua ya alizeti nyingine, na zilikuwepo, zimejiotea kando ya reli, uzao unachanganyika. Kwa hiyo ua lilipoanza kuchanua nililivika mfuko wa khaki, na kila asubuhi nikalipapasa kwa pamba lijichavushe lenyewe. Nikivuna mbegu safi, ningekuwa na kitu cha kubishia hodi kituo kingine. Sikuwa na kingine.

Nilikuwa mpweke kuliko nilivyokubali. Jumapili nzima ilipita bila mtu kutamka jina langu, nami nikijidai napenda utulivu.

Siku moja nilikosa kibarua, nikarudi mapema. Nikamkuta jirani yangu, mjane wa mchonga vinyago kutoka Ukambani, amesimama penye alizeti, mfuko ameukunja vizuri mkononi. Hatukuwa tumewahi kupita salamu.

“Nimeona hii maua imefungwa uso kama mtu ako na makosa,” akasema. “Nikaionea huruma, mwanangu. Saa hii angalia, imepata wageni!”

Nyuki walikuwa wamejaa. Hasira ikanipanda, nikataka kumwuliza nani kamtuma.

“Ama nimekosea?”

“Hapana, Mama. Asante.”

Akafurahi. Akaleta vigoda, birika la chai na vikombe viwili, akaanza kunisimulia jinsi marehemu alivyochonga twiga. Alizeti huchanua kutoka ukingoni kwenda kati, na katikati ya ua sehemu kubwa ilikuwa bado haijachanua. Ningelivika mfuko wakati uleule, mbegu nyingi zingeokoka. Lakini ningelazimika kumweleza kwa nini, naye angeona haya, aende zake. Nikanyoosha kikombe aniongezee chai.