Vigingi Mlangoni Kwangu

Watu wa mtaa wa pili hapa Kismayu siwaamini, hata salamu yao naichunguza. Juzi nikaona vigingi vyekundu vimepigwa kutoka kwao hadi mlangoni kwangu. Nikajua wanasogeza mpaka. Mke wangu akasema niwaulize kwanza. Nikamwambia watanidanganya tu. Nikaving'oa vyote, na mgongo huu mbovu tangu nianguke kisiwani Fuma, lakini hilo tuliache.

Mitaa miwili ilipokutana, nikavimwaga mbele ya mwenyekiti wetu. "Ushahidi huu. Wanatuibia ardhi."

Mwenyekiti wao akacheka. Wetu hakucheka.

"Mzee Shee, hivi tulivipiga sisi na wao pamoja, siku tatu juani. Ni njia ya bomba la maji uliyokuwa ukiyalilia. Fundi wa kuchimba yuko nje, anavitafuta."