Namba kumi na nne zilikuwa mbili

Leo wamekuja kupigilia kibao cha namba mlangoni kwangu, nikawauliza mara tatu kama hakuna nyumba nyingine yenye namba hiyo. Msinicheke jamani.

Enzi za ujamaa, huku huku Serengeti, tulihamishiwa kijiji kipya, nyumba zote kandokando ya barabara moja. Siku hiyo Baba yuko malishoni, Mama akashikwa na uchungu. Damu ikawa nyingi.

"Bhoke, kimbia kwa mkunga! Namba kumi na nne!"

Nikakimbia. Saba, nane, halafu thelathini! Mliokuwepo mnakumbuka: aliyewahi kujenga ndiye aliyewahi namba, na kila upande wa barabara ulihesabiwa peke yake.

Nikaiona kumi na nne. Akatoka mzee nisiyemjua.

"Shikamoo. Mkunga yupo?"

"Marahaba. Hapa hakuna mkunga, mwanangu. Kuna kumi na nne nyingine, ng'ambo ya barabara."

Ng'ambo sehemu gani? Nyumba zote zinafanana!

Nikajua Mama anakufa.

Nikasimama katikati ya barabara, nikapiga yowe kwa Kikurya chetu, namwita mkunga.

Milango ikafunguka pande zote. Mkunga akatoka mbio, mikono imejaa unga.

Mama akajifungua salama, lakini mtoto kimya. Mkunga akamsugua mgongo, akamsugua tena.

Mtoto alipolia, na mimi nikaangua kilio.