Kitahana Tunapuliza Makoti

Hapana, sijanuna. Uso wangu ndivyo ulivyo mwezi wa sita, baridi inaukunja. Na kama kuna mtu anataka kuuliza eti nina wivu na Anastazia kwa sababu ya ile simu ya juzi, asijisumbue, namjibu kabla hajafungua mdomo: sina. Mtu mzima kama mimi, meno yenyewe yameniaga, nione wivu kwa ajili ya koti? Koti lenyewe liko dukani, tena duka la ng'ambo!

Ila na ninyi niambieni, ninyi wa rika langu, mliokuzwa na moshi kama mimi. Una mjukuu wako wa damu, Devota, mtoto wa mwanao wa mwisho. Umembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Leo yuko nchi za barafu, anatunza wazee wa watu. Wenzake wa kazini wanamwambia twende tukavue samaki juu ya ziwa lililoganda. Juu, jamani, siyo pembeni. Mnatembea juu ya maji kama mko barabara ya Nyakanazi, mnatoboa tundu, mnakaa kwenye kistuli, mnashusha ndoano. Mtoto anatafuta koti la kwendea huko. Anapiga simu nyumbani, ile simu ya kuonana sura. Mwanangu ananiletea. Najifuta uso, natengeneza kitenge, nakaa vizuri kama mke wa mkuu wa wilaya. Naye ananiambia kwa ile sauti yake ya paka anayeomba maziwa: "Bibiii, shikamoo. Hamjambo wote? Bibi Anastazia yupo? Nataka kumuuliza habari ya koti."

Basi. Nikamwita Anastazia.

Huyo Anastazia ni mdogo wangu, baba mmoja, mama wawili. Wote tumefiwa na waume, tumerudi Kitahana kwenye kiwanja cha marehemu wazazi, nyumba zetu zinatazamana, kuku wake wanakula mihogo yangu. Ni mpole mpaka anakera. Ukimsalimia asubuhi, jibu unalipata jua likiwa kichwani. Na tangu tukiwa wasichana wadogo, ulimwengu mzima ukitaka kujua jambo, unamuuliza yeye. Yote haya yalianza na koti.

Enzi zetu baridi ilikuwa na nguvu zake. Kiha tunaiita imbeho, na ukilitamka tu hilo neno midomo inatetemeka. Mwezi wa sita na wa saba ukungu ulikuwa unalala bondeni kama ng'ombe mzee, humfukuzi mpaka aamke mwenyewe. Miguu ilipasuka, tukaipaka mawese. Sweta tulikuwa tunaliona kwa mwalimu wa kutoka mikoa mingine, naye alilivaa hata akilala, mkewe alituambia. Sisi tulikuwa na gunia. Unachukua gunia la maharage, pembe moja ya chini unaisukuma inaingia ndani ya mwenzake, linakuwa kofia ndefu inayoshuka mpaka mgongoni. Tukitembea kwenye ukungu ungedhani mizigo imeota miguu. Na kiazi kitamu kikitoka kwenye majivu hatukukila hapohapo. Kilikaa kwapani kwanza, kikupashe moto njia nzima, ndiyo unakila. Wajukuu wakisikia hivyo wanakunja pua: "Bibi, kwapani? Iiiih!" Iih nini? Wao wanavaa suruali zilizotoboka magotini kwa kupenda, halafu wanaugua mafua.

Shule mimi niliisikia kengele tu. Kaka zetu ndio walikwenda. Shule yangu mimi ilikuwa bondeni, na mwalimu wangu alikuwa Data, ndivyo tulivyomwita baba.

Data alikuwa na migono, ile mitego ya kusuka kwa fito, mirefu kama mtungi uliolazwa. Aliitega kwenye maji ya bondeni. Alfajiri anakwenda kuitoa kabla fisi maji hajamtangulia, na kila mara alichukua mtoto mmoja wa kumshikia kapu na kuingia naye majini. Mmoja tu. Ninyi mliozaliwa kwenye nyumba ya wake wawili mnaelewa. Nyumbani Data alikuwa wa kugawana, leo kwa mama yangu, kesho kwa mama mdogo, na kote huko ananyamaza kama jiwe la kusagia. Bondeni alikuwa mtu mwingine. Aliimba! Alikuwa anamuigiza hata katekista anavyokohoa katikati ya sala. Hii tabia yangu ya kuiga watu sikuiokota njiani. Na mkirudi, kichwa cha kambale ni chako, kimepikwa kwa mawese, unakifyonza wenzako wanakutazama.

Kila mtoto alitaka awe huyo mmoja. Na kila mama alitaka awe wa kwake.

Mwaka mmoja, asali ya Data ilitoka nyingi. Akatuchukua mimi na Anastazia mpaka soko la Kibondo. Akatuambia njiani, na sauti yake ninayo mpaka leo, nzito kama ngoma iliyolowa: "Nawanunulia makoti. Kila mtu achague lake, mimi mdomo wangu siutii. Atakayechagua koti la kazi, huyo ndiye nitakwenda naye migononi."

Nguo za mtumba wakati ule tuliziita kafa Ulaya. Tuliamini Mzungu mwenyewe kashakufa, vinginevyo nani anaacha koti zuri hivyo? Ukilinunua hulivai siku hiyo. Linatundikwa mtini mbali na nyumba mpaka asubuhi, ili mwenyewe akilifuata alikute nje, asiingie ndani. Mama yangu alikuwa anasema, "Akilitaka alichukue, asikuchukue na wewe." Sijawahi kusikia Mzungu aliyekuja.

Muuzaji alikuwa mtu wa Kasulu, lakini babu zake walitoka pwani, na maneno yake yalikuwa yamepakwa asali kuliko ile ya Data. "Karibuni, karibuni! Mali hii bado ina joto la mwenyewe! Mzee wangu, mvishe binti huyu, hiyo baridi ikimuona itamwomba radhi!"

Mimi sikuhitaji kuombwa. Nililiona mara moja. Jekundu. Shingoni lina manyoya meupe kama kifua cha mwanakondoo, vifungo vinang'aa. Nikalirukia, nikalikumbatia kwa mikono miwili, na ambaye angelitaka angenivunja vidole kwanza.

Anastazia alisimama tu. Alisimama mpaka muuzaji akachoka kumsifia. Halafu akaokota moja la kijani, kijani cha kinyesi kibichi cha ng'ombe, limeshonewa kofia, linamfika magotini, zipu imekufa. Akalinyanyua, akaingiza uso ndani yake. Mdomo wote kwenye kitambaa. Mabega yanapanda, yanashuka, yanapanda, yanashuka. Hatoki humo.

Muuzaji akapiga makofi. "Yallah! Mzee, unamwona binti yako? Anapuliza! Anapima kama upepo unapita! Huyu ni mfanyabiashara huyu, mtoto mdogo hivi!"

Data akalichukua lile koti, akaweka mdomo upande mmoja na kiganja upande wa pili. Akapuliza. Hakuna pumzi iliyopita. Akanigeukia mimi, akapuliza la kwangu huku nimelishikilia. Nilisikia pumzi yake tumboni kwangu, imepita kama kwenye chekeche. Akamtazama Anastazia kama anamwona siku hiyo kwa mara ya kwanza. "Huyu," akasema, "ana akili ya mama yangu mzazi."

Mimi je, akili ya nani? Hakusema.

Nililia njia nzima mpaka akakubali kunipeleka mimi siku ya kwanza, anijaribu. Nikaingia majini na wekundu wangu. Jamani, lile koti lilikunywa bonde lote! Manyoya yakaninywea shingoni kama mbwa aliyezama. Likawa zito, mikono hainyanyuki, mgono siwezi kuuvuta, meno yanagongana mpaka Data akashindwa kuimba. Akanitoa majini kwa mkono mmoja. "Rudi ukaote moto. Niitie Anastazia."

Akaitwa. Akavaa kijani chake, akafunga kamba kiunoni kwa sababu ya ile zipu, akaenda. Baridi yote ile alikwenda yeye, na baridi zilizofuata, mpaka alipoolewa. Mimi nilikuwa nawaona wanapanda kilima wakitoka bondeni, Data anacheka, kanyoosha mkono kamshika kofia ya koti. Kichwa cha kambale kikanipita mbele ya macho kama bwana harusi wa mtu mwingine.

Na tangu hapo: "Kamuulize Anastazia." Nanunua jembe: "Peripetua, umemuuliza mdogo wako?" Mbuzi: kamuulize Anastazia. Nilipopata mchumba, Data akakuna kidevu, akasema, "Kijana anaonekana mzuri. Anastazia kamuona?" Nikaolewa haraka asije akampuliza.

Kilichonibakia ni Jumapili. Koti lilipokauka na manyoya kusimama tena, nililivaa kanisani, na wasichana wote wa Kitahana walishindwa kusali. Hata Anastazia. Tukitoka alikuwa ananifuata, "Dada, nikushikie koti?" Analishika, anayapapasa yale manyoya polepole, anayatoa vijiti ambavyo mimi sivioni. Nilijua ananikejeli. Nilikuwa namnyang'anya.

Mambo ya kupuliza yakaenea. Mama zetu walipuliza, majirani walipuliza, mpaka leo mtu wa Kitahana hanunui koti bila kuliwekea mdomo. Nendeni sokoni Kibondo mkawasikie wale vijana wa mtumba: "Oya wanangu, mabibi wa Kitahana hao! Fichaaa makoti, yatalowa mate!" Tunacheka, tunapuliza. Na ukweli tuuseme, hatujawahi kuuziwa koti bovu.

Siku hizi makoti ni mengi kuliko baridi yenyewe. Vijana wa bodaboda wanayavaa kinyumenyume jua kali, mgongo kifuani, ukiwauliza wanasema, "Bibi, upepo huo." Upepo gani? Bondeni pale wamelima mpunga, ukungu ukija hauna pa kulala, unaondoka mapema. Mgono mara ya mwisho niliuona umefungiwa kuku. Nina sweta, nina blanketi, nina koti la mwanangu la mvua. Asubuhi nakaa barazani nimejifunika vyote hivyo, nasikia baridi ileile ya siku nilipotolewa majini kwa mkono mmoja. Wa kuimba na kukohoa kama katekista hayupo.

Turudi kwenye simu.

Devota alikuwa dukani kabisa, huku nyuma makoti yamening'inia kama msitu. Anastazia akaishika simu mbali na uso, kama anashika chungu cha moto, akaanza kwa ile sauti yake ya kunong'ona. "Mwanangu, lishuke chini ya makalio. Mtu anayevua anainama. Likiwa fupi, kiuno kinabaki nje."

"Ndiyo, bibi."

"Nyanyua mikono, vuta kama unavuta kamba. Linabana?"

"Halibani."

"Kofia iwe imeshonewa humohumo. Ya kuvaa peke yake itapeperuka. Na ndani vaa sufu, usivae pamba, pamba ikilowa inakuua."

Mimi nikapaza sauti kutoka nyuma, "Na manyoya usichukue! Yanakunywa maji!" Mwanangu mwenyewe, niliyemzaa kwa shida, akaniambia, "Mama, hebu tumsikilize mama mdogo."

Hapo Anastazia akasema, "Sasa lipulize."

Tukamuona mtoto wetu katika lile duka la kifahari analiweka koti mdomoni, anapuliza kwa nguvu zote, kiganja upande wa pili. Mwenye duka akaja mbio, mama mmoja mweupe mrefu, anasema swi-swi-swi-swi, mikono hewani. Devota akamjibu swi-swi. Yule mama akashusha mikono. Akalichukua koti lingine. Akapuliza. Akajitazama kiganja. Halafu akaita mwenzake.

Uani kwangu watu walikuwa wameshajaa, majirani, watoto, kila mtu anamshangilia Anastazia. Mzungu anapuliza! Data angekuwepo, angekufa kwa furaha. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, natoa makapi kwenye ungo ambao hauna kitu.

Devota akarudi kwenye simu, anacheka mpaka machozi. "Bibi Anastazia, huyu mama anauliza, hii akili ulifundishwa na nani? Ulijuaje kupuliza, mtoto mdogo vile?"

Watu wakasogea, wanangoja. Nami nikangoja, kwa sababu maisha yangu yote nilitaka kujua kitu hichohicho, kiburi kikanizuia kumuuliza.

Anastazia aliitazama simu. Halafu akanitazama mimi, muda mrefu, kama alivyosimama pale sokoni.

"Sikuwa napuliza," akasema. "Nilikuwa nalia. Bibi yako alikuwa ameshalishika jekundu."