Maua Mlangoni Petu

Harufu ya utomvu wa dafodili ni chungu kidogo, kama maharage mabichi yaliyovunjwa, na majira yale ya machipuo nilipokuwa na miaka tisa ilijaa hadi kwenye ngazi za nyumba yetu, katika mtaa wa Shard End. Mama na mimi tulikuwa na mwaka mmoja tangu tufike Birmingham, Uingereza, kutoka Uvira, Kongo. Mtaa ulikuwa kwangu kama kitu kinachoonekana kupitia pazia jepesi: ukungu, nyasi zilizolowa, na kando ya kila njia maua hayo ya manjano yakitikisa vichwa taratibu.

Jirani yetu, bibi mzee aliyeitwa Doreen, ndiye aliyenieleza chanzo cha sikukuu ya maua ya mtaa wetu. Wakazi wa kwanza waliletwa hapo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wengi wakiwa wamepoteza nyumba zao kwa mabomu. Walikuta nyumba mpya na matope matupu. Wakapanda dafodili, na zilipochanua wakawapelekea majirani waliofiwa. Tangu hapo, Jumamosi moja ya kila machipuo, watoto huvaa mataji ya maua na kufuata ngoma, wakisimama kwenye kila mlango wenye msiba.

Nililitamani taji lile kuliko kitu chochote. Mama akakataa. "Maua ni ya kaburi. Sitaki kuyaona ku kichwa ya mtoto wangu. Mmoja anatosha."

Mmoja huyo alikuwa Espoir, kaka yangu, aliyekufa kwa homa katika kambi ya wakimbizi kabla hatujasafiri. Tangu tufike, jina lake halikuwa limetajwa nyumbani. Nilikwenda kwa Doreen nikilia, nikamwambia yote.

Jumamosi nilikuwa dirishani ngoma ilipokaribia, ikanyamaza mlangoni petu. Mama akafungua, amejifunga kitenge. Doreen alikuwa amesimama na shada mkononi, watoto wenye mataji nyuma yake. Akasema maneno machache.

"Uyu mama anasema nini?" mama akaniuliza.

Nilisogea mlangoni, nikatafsiri. "Anauliza, mtoto wako aliitwa nani?"

Mama alinitazama, akijua ni mimi niliyemwambia Doreen. Nilidhani atafunga mlango. Kisha akatamka, polepole, "Espoir," na kundi zima likarudia, kila mtoto kwa matamshi yake, jina la kaka yangu likaelea juu ya mapaa. Mama akaketi kizingitini, akalia kwa sauti. Alipomaliza, aliomba taji moja, akanivisha mwenyewe.

Sikukuu imesinyaa siku hizi. Bustani nyingi za mbele zimesakafiwa ziwe maegesho ya magari, na ngoma inatoka kwenye spika. Doreen alishafariki. Wakati ule mama hakuweza kuzungumza na mtu yeyote mtaani bila mimi. Sasa ndiye anayetangulia na shada, anabisha kwenye milango ya watu asiowajua na kuwauliza kwa Kiingereza chake cha kusuasua waliyempoteza aliitwa nani. Mimi hubaki nyuma, nikisikiliza.