Kiingereza cha Kumhamisha Mama

Mume wangu na ndugu zake wana lugha tatu, na kila moja ina kazi yake. Ekegusii ni ya salamu, chakula na kuchekana. Kiswahili ni changu mimi, mke waliyemtoa kando ya ziwa, ambaye miaka yote hii bado naongea Ekegusii kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kiingereza kimetengwa kwa mambo mazito. Ukisikia wameanza Kiingereza, jua kuna ng'ombe atauzwa, au kuna mtu atapasuliwa, au mama anajadiliwa.

Siku hiyo alikuwa anajadiliwa mama. Mama mkwe wangu anaishi peke yake Gesima, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, chai ikianzia nyuma ya jiko na kuteremka hadi kijitoni. Mvua ilikuwa imenyesha, akateleza na kikapu mgongoni, akavunjika mkono. Plasta ilipotolewa, watoto wake wakaitana kwa simu ya video: dada mkubwa aliye ng'ambo, kaka mdogo aliye Nairobi, na sisi wawili tuliokuwa tumetoka Kisii mjini kuja kumwona. Simu ikaegemezwa kwenye mkebe wa sukari. Mama akakaa mbele yake, amejifunga kitambaa chake cha kanisani ili aonekane vizuri, nao wakaanza kumzungumzia kana kwamba yeye ndiye hayupo.

"She should move to town," akasema dada. Ahamie mjini. Kaka akasema ndiyo, she should. Chai ikodishwe kwa jirani, ng'ombe auzwe, mama aje kwetu Kisii. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nakata mboga, nikaendelea kukata. Hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi ndiye ningemtunza.

Niseme ukweli wangu. Nampenda yule mwanamke. Nampenda kuliko baadhi ya shangazi zangu wa damu, na wao wanajua. Lakini sikutaka aje kukaa kwetu. Nyumba yetu iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Unashinda ndani ukisikiliza mabati yakikatwa. Gesima yeye ni mtu, watu wanakata kona kupita kwake tu wamsalimie. Kwangu angekuwa mgeni asiyeondoka, kwenye kochi, akingoja nirudi kutoka kazini ndipo apate wa kuongea naye. Ila mke aliyetoka ziwani ataanzia wapi kusema mama mkwe asije? Kabla sijamaliza kusema, habari ingekuwa imeshafika hadi mji wa Keroka kwamba nimemkataa. Nikafunga mdomo, na hasira ikanikaa kifuani wiki nzima.

Jumapili iliyofuata nilienda peke yangu kumsaidia kuchuma chai. Jumamosi ni Sabato yake, hagusi hata jani, kwa hiyo Jumapili kazi huwa nyingi. Tulikuwa tumeinama kwenye mistari ya juu, karibu na nyumba, aliponiuliza bila kuinua kichwa.

"Mokamwana." Ndivyo anavyoniita, mke wa mwanawe. "Wewe si unafundisha watu Kiingereza?"

"Ndiyo, mama." Nafundisha manesi wanaojiandaa kwenda kufanya kazi nje, katika chuo kidogo pale mjini.

"Hiyo should ya watoto yangu. Ni kuomba ama ni kuamuru?"

Nikacheka, kisha nikaona yeye hacheki. Somo la kushauri na kuamua nimelifundisha mpaka nimechoka nalo, lakini hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza kwamba should ni ushauri. Unaweza kuukataa na bado mkala pamoja. Had better ni ushauri ulioinua kidole: usiposikia, yakikupata usilie. Must haiachi nafasi ya kukataa. Na kabla ya hayo yote kuna maneno ya wapole, kama perhaps you could, yaani labda ungeweza, au if I were you, yaani ningekuwa wewe.

"Na mbona hii Kiingereza iko na milango mingi hivi, na nyumba ni moja tu?"

"Ni adabu, mama."

"Adabu gani? Mtu anazunguka boma yote ndio aseme hodi."

Lakini aliyataka yote. Aliyarudia huku akichuma, majani mawili na chipukizi, vidole vikienda haraka kuliko ulimi. Must aliishika papo hapo. Had better aliipenda kupita kiasi. Nilipokuja tena alinisimulia, akijishika mbavu, jinsi alivyoijaribu kwa mwendesha boda boda aliyembeba kutoka sokoni. Alimwambia you should go slowly, jamaa akaongeza mwendo. Akamgonga bega: you had better! Pikipiki ikapunguza mwendo mpaka kuku wakawapita.

"Hiyo inafanya kazi," akasema, ameridhika kabisa.

Nilidhani najua anachotafuta. Nilidhani anataka maneno ya kuwakatalia wanawe. Kwa hiyo nikamfundisha na ya kuamua: I have decided, nimeamua, I have made up my mind, nimeamua na sirudi nyuma. Nilimfundisha kwa bidii ambayo manesi wangu hawajaiona, maana nilitaka yeye aseme lile nisiloweza kulisema mimi. Aliyatamka vizuri, lakini bila hamu, kama mtu anayeonja chakula cha watu ili asiwaudhi. Ikaniuma kidogo.

Siku ya simu ya pili, watoto walikuwa wameshapanga kila kitu. Kaka alikuwa amempata mnunuzi wa ng'ombe. Dada alisema, kwa ile sauti laini ya watu walio mbali, kwamba hakuna anayemlazimisha mama. It is only advice, ni ushauri tu. Kisha akataja siku ambayo gari lingekuja kuchukua vitu.

Mama akainua kiganja. Akasema kwa Kiingereza, polepole, neno moja moja:

"My children, thank you. You have advised. I have not decided."

Yaani wameshauri, yeye hajaamua. Kaka alifungua mdomo akausahau wazi. Dada akaanza kucheka, akaacha alipomwona mama usoni. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe, nangoja aseme kwamba ameamua na harudi nyuma.

Hakusema. Aligeuka kwenye kiti, akaipa simu mgongo, akanitazama mimi.

"You live in that house," akasema. "What do you advise me?"

Sentensi hiyo, ya kuniuliza namshauri nini, sikumfundisha mimi. Aliiunga mwenyewe kwa vipande nilivyompa. Mume wangu akanigeukia, na zile nyuso mbili kwenye simu zikasogea karibu. Yale maneno yote ya wapole yakanikimbia. Nikaweka sinia chini nisije nikaliangusha.

"Stay," nikasema. Kisha nikahamia Kiswahili. "Baki hapa, mama. Tutafute mtu wa kukubebea kikapu. Mimi nitakuwa nakuja."

"Okay," akasema, akairudia simu. "I stay."

Walibishana kidogo kwa Kiingereza, halafu kwa Ekegusii, na huko mama hashindwi na mtu. Dada ndiye aliyelegea kwanza, akasema mtu wa kikapu atamlipa yeye. Tulipokuwa njiani kurudi mjini, mume wangu akalirudia jambo hilo. Akasema angefurahi kama ningemwambia mapema kwamba nina mawazo tofauti. Nikamwambia hakuniuliza. Akapunguza mwendo wa gari, akasema ni kweli, hakuniuliza.

Nilipoenda tena kuchuma, kikapu nilikibeba mimi. Tulikuwa chini kabisa, karibu na kijito, na nilikuwa na jambo lililonikereketa. Nikamwuliza kama alikuwa ameshaamua siku zote, akanitanguliza mimi mbele ya wanawe ili lawama zinipate mimi. Niliuliza kwa utani, lakini nilitaka kujua.

"Nilikuwa nataka kubaki," akasema. "Hiyo ni kweli."

"Na kama ningekwambia uje?"

Alimaliza kichaka alichokuwa anakichuma, akanisogelea, akatupa majani kwenye kikapu mgongoni kwangu.

"Nguo zangu zilikuwa kwa sanduku tayari," akasema. "Ningekuja."