Karani wa Pumzi Moja

Kazini walimwita Mkataji, maana ndiyo kazi yake: kukata vitambaa vya sare za shule, mashati arobaini kwa mpigo mmoja, na mashine ya kukatia ikimngurumia kiganjani kutwa nzima. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa, hakuna kubembelezana. Labda ndiyo maana watu wa Pumzi Moja walipotafuta karani walimtwika yeye, na jina likamganda. Basi na sisi tumwite Karani.

Pumzi Moja kilikuwa chama cha watu thelathini na mmoja waliokutana ndani ya mchezo wa kompyuta, ule wa dunia kubwa yenye misitu na mapango, ambamo kila mtu ana mhusika wake anayemlea kuanzia ngazi ya kwanza. Mchezo wenyewe hauna roho mbaya. Ukifa, kinatokea kitufe kimeandikwa Fufuka. Unabonyeza, unasimama, unaendelea na safari zako. Ila wana Pumzi Moja walijiwekea lao: kitufe hicho hakiguswi. Ukifa umekufa. Jumapili saa kumi jioni mnakutana kwa sauti, unaeleza mhusika wako amekufaje, wote wananyamaza, na wewe mwenyewe, kwa mkono wako, unamfuta. Halafu unarudi ngazi ya kwanza kupiga panya kwa fimbo.

"Mnajitesa bure," wenzake kazini walimwambia. Haya, wanajitesa. Lakini waulizwe wao, lini mara ya mwisho moyo uliwadunda kwa kuvuka kidaraja tu?

Mhusika wa Karani aliitwa Shupavu, mganga wa kike, ngazi ya hamsini na nane. Miezi kumi na minne ya jioni zake ilikuwa ndani ya huyo Shupavu. Zilibaki ngazi mbili tu kufika sitini, na tangu chama kianze hakuna aliyefika huko akiwa hai. Jumamosi ile chama kizima kilikuwa kimsindikize kwenye Lango la Mwisho, akazimalizie huko. Wiki nzima Karani alitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Nyumbani aliishi na baba yake, mtunza stoo mstaafu, mtu wa daftari na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Kila jioni mzee alivuta kiti chake nyuma ya binti yake, kikombe cha chai mkononi, akatazama.

"Huyu dada hachoki? Kila siku kuchuma majani tu."

"Ndiyo dawa zake, baba. Bila majani ya buluu ishirini hatuondoki."

"Na wewe mgongo wako je? Umesimama tangu asubuhi."

"Nitapumzika, baba."

Hakupumzika. Nusu saa kila jioni ilikwenda kwenye majani, huku akijikanda kiuno kwa mkono mmoja.

Alhamisi alirudi, akabwaga mkoba, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Ilikuwa imewaka. Kwenye kioo alimwona Shupavu amelala kifudifudi katikati ya mto, nywele zinaelea, na juu yake kile kitufe kinametameta: Fufuka.

Karani alisimama. Alitazama mto. Alitazama kitufe. Akakaa, akainuka tena.

"Baba!"

"Naam, mama." Mzee alijibu kutoka jikoni, haraka mno.

"Nani amegusa kompyuta?"

"Kimejizima chenyewe."

"Hakijazimika, baba. Kinawaka."

"Basi kimejiwasha."

Jamani! Mtu amekula chumvi yote ile hajui hata kudanganya. Karani aliinua kibodi apate pa kushikia hasira zake, na chini yake akakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imepigwa mistari kwa rula, kwa mwandiko ule ule uliowahi kupokea na kutoa mabati, misumari na mapipa ya rangi kwa miaka thelathini. Mshale wa juu: mbele. Kitufe kirefu: kuruka. Majani ya buluu: nyuma ya kinu, kisha ng'ambo ya mto. Yanahitajika: 20. Yaliyopatikana: 17. Na pembeni, kwa herufi ndogo: akirudi akute tayari.

Neno la siri la mchezo lilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya mzee mwenyewe. Kumbe muda wote ule aliokaa nyuma na chai yake alikuwa anasoma vidole.

Sasa ufanyeje? Umgombeze? Karani aligeuka apige yowe. Baba alikuwa amejitokeza mlangoni, amevua miwani, anaifuta kwa shati.

"Nilidhani anajua kuogelea," akasema.

"Amevaa deraya ya chuma, baba. Anazama."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia lini? Nilijua utaingia?"

Mzee akasogea, akainama kwenye kioo. "Mbona hapa pameandikwa Fufuka? Si ubonyeze?"

"Haturuhusiwi."

"Mwenye mchezo amekataza?"

"Hapana. Sisi chama tumekataza."

"Nani kati yenu aliyeandika hiyo sheria?"

Karani aliguna. "Mimi."

Mzee akarudisha miwani usoni, akaenda kuzima jiko.

Hakuna aliyeona, hilo ndilo lililomla. Angebonyeza tu, Shupavu angesimama na kujikung'uta maji, na Jumamosi wangekwenda langoni. Lakini huyu ndiye karani aliyewakatalia Fufuka hata waliokatikiwa umeme, na waliochomolewa waya na watoto. Zaidi ya hao alimtoa Kobe, mkata tiketi mmoja mpole, ambaye mkono wake ulipotiwa bandeji alimwachia mkewe amchezee siku mbili. Kwa sababu ya Kobe, Karani alitunga sheria ya tatu: mhusika ni wa mkono mmoja, na atakayeingiza mkono wa pili atatoka katika chama, harudi. Kobe aliomba mara nne. Karani alimjibu mara moja.

Ijumaa alikata mikono ya kushoto themanini badala ya arobaini ya kushoto na arobaini ya kulia. Msimamizi alimuuliza kama kuna shule ya watoto wenye mikono miwili ya kushoto. Wenzake walicheka mpaka saa ya kutoka. Yeye hakucheka, alijilaani mwenyewe, akamlaani na yule aliyebuni mito.

Akaamua hivi: atakubali kifo, ila atasema ni mkono wake. Shupavu ameondoka, basi, inauma lakini ndiyo sheria. Chama lakini hakiachi. Watu thelathini wale ndio pekee waliomngojea jioni, waliomuuliza "Karani, tufanyeje?" na kufanya alivyosema. Kuanza na panya anaweza. Kuanza bila wao, hapana. Aliwaandikia kwamba Jumamosi safari imevunjika, sababu wataisikia Jumapili.

Jumapili saa kumi alikaa. Mzee naye akavuta kiti chake pale pale, safari hii bila chai.

"Karani, tunakusikiliza," ilisema sauti ya fundi majokofu, ambaye ndiye waliyemwita Mkuu.

"Shupavu amekufa. Alhamisi, mtoni, nyuma ya kinu. Alizama."

Watu thelathini wakaguna kwa pamoja.

"Wewe? Mtoni?" Mkuu hakuamini. "Wewe unayetukataza hata kunawa pale?"

"Nilikuwa nimechoka. Nilikosea."

"Pole sana, Karani. Ilikuwa mkono wako?" Swali hilo waliulizwa wote waliokufa, na aliyeliandika ni Karani mwenyewe.

"Mkono wangu."

Nyuma yake kiti kilisukumwa. Mzee alikuwa ameinama hadi kwenye kipaza sauti, kidevu kinamgusa binti bega.

"Hamjambo wote. Samahani. Huyu mtoto anaongopa, na sikumlea hivyo. Ni mimi niliyemzamisha yule dada. Mimi ni baba yake. Yeye alikuwa kazini. Msimhukumu kwa kosa langu, mrudishieni mtu wake."

Karani alifumba macho.

"Shikamoo, mzee," Mkuu akasema.

"Marahaba."

"Karani, ni kweli?"

Angekana, angemfanya baba yake mwongo mbele ya watu thelathini. "Ni kweli," akasema.

Mkuu alikohoa. Aliposoma hukumu, alisoma polepole, na Karani aliyajua maneno kabla hayajamtoka mwenzake, maana ni yale yale aliyomwandikia Kobe: "Mkono wa pili umeingia. Sababu haiulizwi. Tunakushukuru kwa safari, mlango uko nyuma yako." Kisha kwa sauti yake ya kawaida, "Dada, mimi sipendi hata kidogo. Lakini ni wewe uliyesema tukimlegezea mmoja tumekwisha."

"Najua nilichosema," Karani akajibu. Akambofya Shupavu, akabofya Futa, mchezo ukamuuliza kama ana uhakika, akasema ndiyo. Majina thelathini upande wa kulia wa kioo yakapotea kwa pamoja. Hapakuwa hata na wa kumuaga.

Alikuwa na hasira mpaka masikio yakamuwaka. Na Pumzi Moja, na Mkuu, na huyu mzee mwenye kidomodomo aliyemsaidia mara mbili ndani ya wiki moja na kumfilisi mara zote mbili. Na zaidi ya wote na yule karani mjuaji aliyeandika kwamba sababu haiulizwi.

Mzee alimpapasa bega. Uso wake ulikuwa umekunjuka, kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Umeona, mama? Ukweli unasikilizwa. Nimewasikia, watu wastaarabu, wamenipa na shikamoo. Watamrudisha lini?"

Karani alifungua mdomo. Yale yote ya tangu Alhamisi yalikuwa yamepanga foleni ulimini. Akamtazama babaye, na ile kalamu ya risasi nyuma ya sikio.

"Hawajasema siku," akajibu.

"Basi vizuri." Mzee alichukua karatasi yake chini ya kibodi, akainyoosha kwa kiganja. "Akirudi, yale majani matatu yaliyobaki nitamalizia mimi. Wewe pumzisha mgongo."

Karani alivuta pumzi ndefu. Akafungua mchezo upya, kwenye ukurasa ule ambao huuliza jina la mhusika mpya, akainuka na kumsogezea mzee kiti chake mwenyewe mbele ya kioo.

"Kaa hapa, baba," akasema, na sauti ilikuwa bado na ukali. "Tunaanza na panya. Na mtoni huingii mpaka nikuambie."