Mama Orodha na Wifi Asiyeeleweka

Saa tatu asubuhi, Mama Orodha amekaa mbele ya kompyuta mbili katika chumba cha kumbukumbu cha hospitali, kidole kwenye kioo, midomo ikitembea bila sauti. Kompyuta ya pili, yenye programu ya zamani ya hospitali, imezimwa, na waya wake umefungwa fundo asitokee mtu wa kuiwasha.

Mwandishi wa makala haya aliambiwa anakwenda kumhoji mtu anayeorodhesha madarasa, akaingia akitafuta ubao na wanafunzi. Kumbe "darasa" hapa ni sehemu ya maandishi ya programu inayoeleza aina moja ya kitu: mgonjwa, dawa, miadi. Darasa moja linaweza kurithi jingine, kama mtoto kwa mzazi. Mama Orodha alieleza hayo mara tatu, na kusema kweli, ya tatu mwandishi alikuwa anaitikia tu.

Kazi yake ni kuyaorodhesha yote 214, na lipi limezaliwa na lipi, bila kuiendesha programu yenyewe. Ametengeneza kijiprogramu kinachoyasoma maandishi hayo kama barua. Fundi mmoja aliwahi kuiwasha programu "aone kidogo tu", wagonjwa mia tisa wakapata ujumbe wa kuja kupasuliwa kesho yake.

Ijumaa hospitali inahamia mfumo mpya. Darasa lililoandikiwa "liachwe" halihamishwi, wala kumbukumbu zake.

Kati ya arobaini aliyoyaandikia hivyo lilikuwemo moja liitwalo Wifi, lenye amri tatu fupi: angalia, onya, kataa. Mambo ya mtandao hayo, akasema moyoni, na mfumo mpya una mtandao wake. Lakini kijiprogramu kiling'ang'ania kuwa Wifi ni mtoto wa Mgonjwa.

"Nikajiuliza, intaneti inazaliwaje na mgonjwa? Nikadhani nimekosea mimi. Nikakiandika upya mara mbili, jibu lile lile. Siku tatu kichwa hakinikai sawa."

Mumewe alimshauri apumzike kidogo, ushauri ambao haukumsaidia hata chembe. Mfamasia ndiye aliyempa namba ya mstaafu aliyeandika programu hiyo miaka kumi na tisa iliyopita, bibi anayeishi kwa mwanawe. Mama Orodha akampigia, akamwamkia, akaeleza shida yake. Bibi alicheka.

"Intaneti gani, mwanangu? Huyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Alichomwa sindano ambayo mwili wake haukuiweza, tukamzika. Nikaliandika darasa hilo ili wengine wasichomwe."

Kumbukumbu zinazolindwa na Wifi ni za wagonjwa 1,640 ambao dawa fulani zinaweza kuwaua. Mama Orodha anakiri kwamba aliogopa, na kwamba bado anaogopa.

Wamepitia majina mengine pamoja kwa simu, lakini bibi hakumbuki yote. Kwenye darasa liitwalo Jumanne wamekwama kabisa. Huenda ni siku ya kliniki, huenda ni mtu aliyekuwa akiitwa hivyo, na amri zake hazisemi lolote la maana.

Sasa Mama Orodha amefuta kila "liachwe", ingawa mkuu wake alitaka orodha fupi.

"Ananiuliza Jumanne anafanya kazi gani. Nimemwambia sijui, na bibi naye hajui. Awe siku, awe mtu, Ijumaa anahama na wenzake."